Somo lilelile kwa njia nyingine: wanafunzi wenye ulemavu katika darasa la kawaida

Somo la hisabati huanza kumpotea mwanafunzi asiyeona pale mwalimu anaposema "hii". "Tunachukua hii, tunaipeleka huku, tunabaki na hii." Wenzake wanafuata chaki kwa macho. Yeye amepewa maneno matatu ambayo hayana kitu ndani yake, na baada ya dakika kumi ataonekana mzito wa hisabati kumbe alichokosa ni ubao.

Shule nyingi zikipokea mwanafunzi mwenye ulemavu hukimbilia kupunguza: mazoezi machache, mada nyepesi, alama za kumtia moyo. Kwa asiyeona, kwa kiziwi na kwa mwenye ulemavu wa viungo, kupunguza somo ni kumnyima haki yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unadai marekebisho yanayofaa kwa mahitaji ya kila mwanafunzi. Somo linabaki lilelile, ila linamfikia kwa njia nyingine, na njia hiyo huandaliwa kabla ya kipindi. Kwa mwenye ulemavu wa akili malengo yenyewe yanaweza kubadilika, na hapo pia kuna utaratibu wake.

Asiyeona na ubao

Tamka kila unachoandika, wakati uleule unapoandika, na utamke kwa namna isiyo na maana mbili. Ukisema "moja juu ya eksi jumlisha mbili", umetamka hesabu mbili tofauti. Eksi ikiwa 2, mmoja atapata mbili na nusu na mwingine atapata robo, na wote wawili wamekusikiliza vizuri. Sema: "Sehemu. Kiasi ni moja, asili ni eksi jumlisha mbili. Mwisho wa sehemu." Mabano yatamkwe yanapofunguliwa na yanapofungwa. Kipeo kitamkwe, na pale kinapoishia patajwe. Darasa zima hufaidika, maana hata wanaoona huwa hawajui kila mara mstari wa sehemu umeishia wapi.

Breli, au nukta nundu, ina seli yenye nafasi 6: nukta 1, 2 na 3 upande wa kushoto kutoka juu kwenda chini, na 4, 5 na 6 upande wa kulia. Herufi kumi za kwanza, a hadi j, hutumia nukta nne za juu tu. Kuanzia k hadi t ni zilezile kumi zikiongezewa nukta ya 3. Mwalimu wa darasa la kawaida anaweza kuzisoma kwa macho na kusahihisha daftari mwenyewe, bila kumngoja mwalimu wa elimu maalumu. Tarakimu ni herufi zilezile a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba, yaani nukta 3, 4, 5 na 6. Mwanafunzi akisahau alama hiyo, 15 inakuwa "ae". Hilo ni kosa la uandishi, na lisihesabiwe kuwa kosa la hesabu.

Ujue pia anaandika kwa kifaa gani. Kwa sleti (fremu ya kubana karatasi) na stailasi (kipini chenye ncha cha kutobolea), karatasi hutobolewa kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, na nukta ya 1 inakuwa juu kulia. Akitaka kusoma alichoandika lazima afungue sleti, atoe karatasi na kuigeuza. Kuandika insha inawezekana kabisa. Lakini hesabu ya kurudi nyuma mstari kwa mstari humchosha, naye hupoteza mahali alipofikia. Mashine ya breli kama Perkins ina vitufe 6 vya nukta, na nukta hutokea upande wa juu, kwa hiyo anasoma huku akiandika. Kama shule ina mashine moja na wanafunzi watatu, ningeipeleka kwenye vipindi vya hisabati kwanza. Kwa kukokotoa kuna abakasi ya Cranmer: safu 13, kila safu ina shanga 4 chini na 1 juu, na mgongo wa kitambaa unaozuia shanga zisiteleze kidole kinapozipapasa. Abakasi ya kawaida ya wanaoona haifai, shanga zake hukimbia kwa mguso mdogo.

Michoro ndiyo huharibiwa zaidi. Kosa la kwanza ni kuuchukua mchoro wa kitabuni na kuunyanyua mistari yote kwa gundi na uzi. Kidole hakioni ukurasa mzima kwa pamoja. Husoma kipande kimoja kimoja na akili ndiyo huviunganisha. Kwa hiyo anza kwa kuondoa: mchoro wa moyo hauhitaji kila mshipa mdogo, grafu haihitaji gridi nzito kuliko mstari wenyewe. Acha angalau nusu sentimita kati ya mistari inayokwenda pamoja. Tumia uzi mnene kwa mstari mkuu na mwembamba kwa mhimili, kwa sababu mistari miwili ya mguso mmoja ikikatana, kidole kinaweza kutoka kwenye mmoja na kuendelea na mwingine bila kujua. Maandishi ya breli hayapunguzwi ukubwa kama chapa, kwa hiyo majina marefu yaandikwe kwa kifupi cha herufi mbili na ufunguo ukae pembeni. Kisha mwachie mikono yote miwili ipite mchoro mzima kabla hujauliza swali. Usimshike vidole na kumburuza. Weka mkono wako chini ya wake, ufuate wewe mstari, naye aache au aendelee apendavyo.

Mwenye uoni hafifu ni suala jingine, na mara nyingi husahaulika kwa sababu anaonekana anaona. Maandishi ya pointi 18 au zaidi, fonti isiyo na vikia (vijistari vidogo kwenye ncha za herufi), karatasi isiyong'aa, wino mweusi badala ya penseli. Kukuza fotokopi ya A4 hadi A3 kunampa karatasi inayoning'inia mezani na herufi zenye ukungu. Ni bora kuandika upya kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya ukubwa wa kawaida. Mwanafunzi mwenye ualbino akae mahali ambapo mwanga haumpigi usoni, na aruhusiwe kofia yenye ukingo ndani ya darasa. Kukiweka kitabu karibu na pua hakumuharibu macho, na hakuna sababu ya kumkataza.

Kiziwi na mwenye usikivu hafifu

Tazama kioo na useme bila sauti: baba, mama, papa. Midomo inafanya jambo lilelile mara tatu. Herufi k, g na ng' hutengenezwa nyuma ya kinywa na hazionekani kabisa. Ndiyo maana kumwambia mwanafunzi "nitazame mdomo" hakutoshi kuwa njia ya kufundishia. Anaposoma midomo anakisia sehemu kubwa kwa kutumia mada, na mada ikibadilika ghafla ukisio wote unaanguka. Andika mada ubaoni mwanzoni mwa kipindi na uandike tena unapohamia nyingine. Simama mahali ambapo mwanga unaangukia uso wako. Ukisimama mbele ya dirisha uso unakuwa kivuli. Ukizungumza huku umeelekea ubao, sentensi hiyo haikusemwa.

Kwa anayetumia lugha ya alama, kumbuka kwamba ana macho tu. Hawezi kusoma kitabu na kumtazama mkalimani kwa wakati mmoja. Ukisema "fungueni ukurasa wa 40, angalieni mchoro wa pili, mnaona kwamba…" utakuwa umempoteza tangu kwenye koma ya kwanza. Taja ukurasa, nyamaza, wote waangalie, kisha waite macho yao kabla ya kueleza. Mkalimani pia yuko nyuma yako kwa sekunde kadhaa. Ukiuliza swali na kumchagua aliyenyoosha mkono kwanza, kiziwi hatajibu mwaka mzima. Hesabu kimya hadi kumi, kisha chagua. Istilahi za mada mpe mkalimani siku moja kabla, ili wakubaliane alama zake na mwanafunzi. Na swali lako mwelekezee mwanafunzi: "Unafikirije?" Usimgeukie mkalimani na kusema "mwulize anafikirije".

Kifaa cha usikivu kinahitaji ukaguzi kila asubuhi, maana mtoto mdogo mara nyingi hasemi kwamba kimekufa. Jaribio la sauti sita za Ling huchukua muda mfupi sana: aa, uu, ii, sh, s, m. Simama umbali wa mita moja hadi mbili, funika kinywa kwa kitambaa chepesi kinachopitisha sauti (kwa mkono au karatasi sauti hubadilika), zitamke kwa mpangilio usiotabirika na vituo visivyolingana, naye arudie au ainue mkono. Sauti hizi zimechaguliwa kwa sababu zinagusa masafa ya chini hadi ya juu ya usemi. Kama jana alisikia s na leo hasikii, kuna jambo limebadilika: betri, mrija, nta au sikio lenyewe.

Betri za zinki na hewa huanza kufanya kazi zinapobanduliwa kibandiko, na kukirudisha hakuzizimi. Baada ya kubandua iache kama dakika moja ipate hewa kabla ya kuifunga ndani. Kifaa kikipiga filimbi, kwa kawaida kipande cha sikioni hakijakaa vizuri, au mtoto amekua na hakimtoshi tena, au nta imejaa. Walimu wengi hupunguza sauti hadi filimbi iishe, na mtoto hubaki na plastiki sikioni isiyomsaidia. Kipande hicho hutenganishwa na kifaa, huoshwa kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa mpaka ndani ya mrija, kwa sababu tone moja la maji huziba sauti. Kifaa chenyewe hakiguswi maji.

Hata kikiwa kizima, kifaa hukuza kila kitu: sauti yako, viti, mvua, minong'ono. Nguvu ya sauti hushuka kwa takribani desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo kumkalisha mita mbili badala ya nne kuna faida kuliko kupaza sauti. Mpira au kitambaa kwenye miguu ya viti hupunguza kelele nyingi kwa gharama ndogo.

Mwenye ulemavu wa akili

Hapa lengo huandikwa upya, na liandikwe kwa kitu kinachohesabika. "Ataboresha kusoma" halimwambii mwalimu wa kesho afanye nini. "Atasoma silabi 18 kati ya 20 za ba, ma, ta, ka, kwa siku tatu mfululizo, bila msaada" linamwambia. Mpango wa mwanafunzi mmoja mmoja wenye malengo matatu ya namna hii unanifaa kuliko wenye kumi na tano, kwa sababu hayo matatu yatafundishwa kila siku.

Kazi yenye hatua nyingi ivunjwe. Kufunga kamba za viatu kunaweza kuwa hatua nane, na njia nzuri ni kuanzia mwisho: wewe fanya saba, yeye avute vitanzi viwili kukaza. Kila siku anamaliza mwenyewe na kiatu kimefungwa. Hiyo hatua ikishika, mwachie mbili za mwisho, kisha tatu. Kinachokwamisha ni msaada unaotolewa haraka. Mwalimu anaona mtoto ametulia sekunde mbili, anamwonyesha, na baada ya wiki chache mtoto hafanyi kitu mpaka aonyeshwe. Subiri sekunde tano mpaka kumi. Kisha onyesha kwa kidole. Mkono kwa mkono uwe wa mwisho, na upunguzwe mapema.

Usonji, disleksia na kiti cha magurudumu

Kwa mwenye usonji, ratiba ya picha ya siku na taarifa ya mapema kabla ya kubadilisha shughuli huzuia sehemu kubwa ya ghasia. Maagizo yataje jambo la kufanya: "tembea", badala ya "usikimbie".

Disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma, ni rahisi kuikosa katika Kiswahili. Maandishi yetu yanafuata sauti, kwa hiyo mtoto anaweza kusoma kila neno kwa usahihi huku akijikokota silabi kwa silabi, na mwalimu akasema anajua kusoma. Pima mwendo, si makosa peke yake, na uangalie anapokwama kwenye mb, nd, ng', mbw na ndw.

Kwa kiti cha magurudumu vipimo ni vichache: mteremko wa 1 kwa 12, yaani kizingiti cha sentimita 30 kinahitaji rampu ya mita 3.6, mlango wa sentimita 80 wazi au zaidi, meza inayoruhusu magoti kuingia. Kagua na choo. Rampu nzuri inayoishia kwenye choo chenye ngazi humfanya mtoto asinywe maji siku nzima.

Mtihani

Muda wa ziada, msomaji, mwandishi au karatasi ya breli vitumike kwenye majaribio ya kila wiki tangu mwanzo wa mwaka. Mwanafunzi anayekutana na mwandishi kwa mara ya kwanza siku ya mtihani hupoteza muda mwingi akijifunza kuamuru sentensi. Mwandishi anaandika kinachosemwa, pamoja na makosa yake. Hasahihishi wala hakunji uso jibu likiwa baya. Swali lenye picha liwe na maelezo yaliyoandaliwa mapema na mwalimu wa somo, yanayotaja kilichopo bila kutaja jibu, na msomaji ayasome kama yalivyo. Akianza kueleza picha kwa maneno yake papo hapo, mwanafunzi wa chumba kimoja atapata mtihani tofauti na wa chumba cha pili.