Siku moja na mgonjwa wa "presha ya kushuka"

Saa 12 asubuhi nipo kituoni Nkuhungu nasubiri daladala, upepo wa Julai hapa Dodoma unakata masikio. Saa 1 na nusu nimeshapokea ripoti ya zamu hospitalini, emajensi imetulia.

Saa 2 na robo analetwa mama mmoja toka upande wa Chamwino. Binti yake ananiambia sista, mama ana presha ya kushuka, tangu jana tunampa soda na chumvi. Napima, 78/40, mapigo 128, joto 39.4, na maneno anayachanganya. Ila mikono ya moto! Hapo ndo nikashtuka, maana aliyepoteza damu nyingi mara nyingi unamkuta wa baridi. Kumbe ana siku nne mkojo unamchoma na kiuno kinauma, yaani maambukizi ya mkojo yamesambaa mwilini, sepsisi.

Dokta hakusubiri, damu ya kalcha ya kutafuta bakteria ikatolewa, antibayotiki ya seftriaksoni ikaingia ndani ya saa ile ile, na dripu za ringa, maji yenye chumvichumvi, kwa hesabu ya mililita 30 kwa kila kilo.

Saa 3 hivi binti ananiuliza, sasa sista damu imeenda wapi? Nikamwambia haijaenda popote mdogo wangu. Bakteria kama E. coli kwenye ganda lake ana sumu, endotoksini, na hiyo sumu ikigusa chembe nyeupe za damu zinamwaga kemikali za kuita msaada, TNF, intalukini 1, nyingine nyingi. Kwenye jipu ndo hizo hizo zinafanya pavimbe pawe pa moto, pale zinasaidia. Zikimwagika mwili mzima ni balaa, kuta za mishipa zinatengeneza nitriki oksaidi, gesi ya kulegeza mishipa, kupita kiasi, misuli ya mshipa inalegea, mishipa inatanuka na maji yanavujia nje, damu ni ile ile lakini bomba limekuwa pana, msukumo utatoka wapi? Soda haiwezi kubana mshipa.

Saa 5, lita 2 karibu zimeisha, 84/46. Nasikiliza mapafu kila mara, maji yakizidi nayo yanaua. Dokta akaanzisha dawa ya noradrenalini, hiyo ndo inabana mishipa, tunatafuta wastani wa presha ufike 65.

Saa 8 nakula ugali na mlenda umeshapoa.

Saa 9 102/58, mkojo unatoka. Nakabidhi zamu, namsikia mama anamuuliza binti yake mbuzi kawaachia nani.