Nilivyompatia Tomi mashine ya kumnyoa nyumbani

Ushauri wa "chukua mashine yoyote ya saluni, mbwa naye si ana nywele" bado unaniudhi. Kila niliyemuuliza alinijibu hivyo hivyo, tena kwa uhakika kabisa. Tomi wangu ni mbwa wa aina ya Maltese, hafiki hata kilo nne, na nywele zake hazina mwisho: zinarefuka tu mpaka uzikate. Tundu moja la ngozi ya mbwa huchomoza nywele kadhaa kwa pamoja, nyembamba na laini, na hapo ndipo mashine dhaifu inaposhindwa.

Ya kuazima saluni ya mtaani ilienda vizuri mgongoni. Ilipoingia ubavuni sauti ikashuka, ikaanza kuvuta badala ya kukata, Tomi akageuka na kunikenulia. Meno ya mashine yalikuwa yameng'ang'ania shungi zima. Nilizima, nikakata shungi kwa juu kumwachia mbwa nafasi, kisha nikafungua skrubu za mbele na kuchokonoa nywele kwa mswaki. Chuma kilikuwa kimeshika moto kiasi kwamba kidole hakikai. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu. Moto ule tumboni mwake ungembabua.

Kipimo changu cha dukani ndicho ninachojivunia. Nilimchana Tomi, nikakusanya nywele zilizobaki kwenye chanuo, nikazifunga uzi katikati zikawa kishada kinene, nikakitia kwenye bahasha, nikashuka Kariakoo.

"Dada, hizo nywele za nani?"

"Za mbwa, kaka. Niwashie hiyo."

Muuzaji alisita, halafu akawasha. Ya kwanza, ndogo ya ndevu, ilitafuna kishada ikanyamaza. Nyingine ilikata lakini ikinguruma, na mbwa mwoga hakai na ngurumo karibu na sikio. Nilizidi kuomba, muuzaji naye akanogewa, akawa anazitoa za rafu ya juu bila kuambiwa. Iliyofaulu ilipita katikati ya kishada na sauti yake haikubadilika. Nikaiacha iwake huku tukipatana bei, kisha nikaigusisha sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono: vuguvugu tu. Ni ya betri ya kuchaji, kwa hiyo umeme ukikatika naendelea na hakuna waya wa kutafunwa. Ilinitoka laki na ushee. Zile za saluni zilikuwa elfu thelathini, arobaini hivi.

Ndugu yangu aliye Marekani alitaka kunitumia ya kule, nikamkatalia. Umeme wao ni volti 120 na hezi 60 (yaani mizunguko 60 kwa sekunde), wetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma hushusha volti, hezi haizigusi, na mashine za sumaku, zile ambazo meno yake huchezeshwa na sumaku ya umeme, hufuata hezi: hapa huenda polepole na kuchemka.

Sasa namba, maana hapa watu wanaumiza mbwa. Kwenye vitana vya plastiki ambavyo kinyozi huvivisha mashine, namba kubwa huacha nywele ndefu. Kwenye meno ya chuma ya mashine za wanyama ni kinyume: namba 10 huacha kama milimita 1.5, na namba 40 huacha robo milimita tu. Ukimsikiliza anayekwambia "weka namba kubwa uwe salama" utamwacha mbwa kipara. Mimi natumia 10 tumboni na kwenye nyayo. Mwilini naweka kitana juu ya meno hayo. Kitana nacho hakipiti penye mafundo, kwa hiyo chana kwanza hadi chanuo liteleze, hasa nyuma ya masikio na kwapani. Mafundo yatoke kabla ya kuogesha, kwani maji huyakaza. Wala usiyakate kwa mkasi ukiuelekeza mwilini: fundo huivuta ngozi juu, na jeraha utaliona baadaye. Baada ya kuoga, kausha kabisa ndipo unyoe. Meno yapate tone la mafuta ya mashine kila mara.

Jirani ameiona kazi, akaniletea mbwa wake wa aina ya Spitz nimnyoe kwa sababu ya joto la Dar. Nimemrudishia. Spitz ana tabaka mbili za nywele, zikinyolewa zinaweza zisirudi sawasawa, na jua linaifikia ngozi moja kwa moja. Nimemwazima chanuo la chuma na kumwonyesha jinsi ya kutoa nywele za ndani zilizokufa.