Mikono Ilikataa, Hisa Zikakubali

Kilichotupeleka kwenye mkutano mkuu wa mwaka ule ni ajenda ya tano: ripoti ya malipo ya wakurugenzi watendaji. Tulikuwa wanahisa wadogo, wengi wetu na hisa chache zilizonunuliwa makusudi ili tupate haki ya kuingia, kuuliza na kupiga kura. Kampuni sitaitaja. Katika mwaka ambao ilitozwa faini ya kuchafua mto, mkurugenzi mtendaji mkuu alipata bonasi kamili, nasi tulitaka kujua imewezekanaje.

Jibu lilikuwa ndani ya ripoti ya mwaka, mbali na kurasa za mbele zenye picha za watoto wanaotabasamu. Lilikuwa nyuma, kwenye maelezo ya hesabu, kwa herufi ndogo. Bonasi ilipimwa kwa faida kwa kila hisa, na kipimo hicho kina mlango wa nyuma. Chukua kampuni yenye faida ya milioni 100 na hisa milioni 100: kila hisa ina faida ya 1. Bodi ikinunua hisa milioni 10 za kampuni yenyewe na kuzifuta, faida ileile inagawanywa kwa hisa milioni 90, na kipimo kinapanda kwa asilimia 11 bila bidhaa hata moja kuuzwa zaidi. Kama lengo lilikuwa asilimia 10, bonasi imepatikana. Tena kuna ile wanayoiita faida iliyorekebishwa. Faini ya mto iliandikwa kuwa gharama isiyo ya kawaida, ikawekwa kando kabla ya kukokotoa bonasi, kana kwamba haikulipwa. Mwaka uliotangulia kampuni ilikuwa imeuza kiwanja kwa faida nono, jambo ambalo nalo si la kawaida, lakini fedha hizo ziliachwa ndani ya hesabu. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba ni suala la kanuni za uhasibu.

Taarifa ya mkutano ilikuja siku 21 kabla, na siku hizo ni chache kuliko zinavyosikika. Fomu za uwakilishi, ambazo mwanahisa hutumia kumteua mwingine ampigie kura, zilipaswa kumfikia msajili wa hisa saa 48 kabla ya mkutano. Ikichelewa kwa dakika, haihesabiwi. Tulienda kukagua daftari la wanahisa, haki ambayo sheria za kampuni katika nchi nyingi huitoa bure au kwa ada ndogo. Tulichokuta ni majina ya benki na madalali wanaoshika hisa kwa niaba ya wengine. Wenye mali halisi, hasa mifuko ya pensheni, hawaonekani hapo. Ikabidi tuandikie mifuko moja kwa moja, na kwa kuwa mameneja wake huwa wameshapiga kura wiki moja au zaidi kabla ya mkutano, barua inayofika siku tatu kabla ni ya kumbukumbu tu.

Mlangoni wenzetu kadhaa walizuiwa. Hisa walikuwa nazo, ila zilikuwa kwenye akaunti ya dalali, na daftarini lilisomeka jina la dalali. Mtu wa namna hiyo anahitaji barua ya dalali inayomteua kuwa mwakilishi, na barua hiyo huombwa mapema. Kuleta karatasi ya salio hakusaidii kitu.

Ukumbini mwenyekiti alikuwa fundi. Alipokea maswali matano matano, akajibu lile jepesi, mengine akayafunika kwa “tutawasiliana nawe baada ya mkutano.” Kipaza sauti kilishikwa na mhudumu, asimwachie muulizaji. Kati ya maswali yetu palipenyezwa wasemaji wa kusifu gawio na kushukuru kwa mapokezi. Dawa ya mbinu hii ni swali fupi lisilo na hotuba, lenye namba ya ukurasa, linaloelekezwa kwa mtu mmoja. Mama mmoja mstaafu wa kundi letu alisimama: “Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba swali hili lijibiwe na mwenyekiti wa kamati ya malipo, na jibu liingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Faini imetolewa kwenye hesabu ya bonasi, faida ya kiwanja haikutolewa. Kwa nini?” Mwenyekiti wa kamati alimtazama katibu wa kampuni, kisha akasema kamati ilitumia busara yake. Ukumbi ulicheka, na kicheko hicho hakikuingia kwenye kumbukumbu.

Ilipofika kura, mwenyekiti aliomba mikono. Kwa mikono kila aliyepo ana kura moja, awe na hisa kumi au milioni kumi. Mikono ya kukataa ilikuwa mingi waziwazi. Mwenyekiti, bila kubadilika uso, akaitisha kura ya hisa, na hapo kila hisa ni kura. Mezani alikuwa na rundo la fomu za uwakilishi, nyingi zikiwa na sahihi bila alama yoyote kwenye maazimio. Fomu ya aina hiyo humpa mwenyekiti ruhusa ya kupiga kura apendavyo. Ripoti ilipita.

Kura yenyewe ilikuwa ya ushauri tu. Uingereza ililazimisha kura ya namna hii kwa kanuni za 2002, na mwaka uliofuata wanahisa wa kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline waliikataa ripoti ya malipo kwa asilimia 50.72, hata hapo bodi haikulazimika kisheria kubadili chochote, ingawa aibu ilifanya kazi yake. Kushinda kabisa kunawezekana pia: mwaka 2021 Engine No. 1, mfuko mdogo wa uwekezaji wenye takriban asilimia 0.02 ya hisa za kampuni ya mafuta ya ExxonMobil, ulipata viti vitatu vya bodi. Siri yake ni kwamba wawekezaji wakubwa, BlackRock na Vanguard wakiwemo, waliunga mkono baadhi ya wagombea wake.

Sisi hatukuwa na wakubwa hao, tulikuwa na hesabu. Kampuni ilikuwa na mbia mkuu aliyeshika hisa nyingi na aliyeketi kwenye bodi hiyohiyo. Ukiwa na mbia wa asilimia 60 anayesema ndiyo, na matokeo yakaonyesha asilimia 30 ya kura zote zimekataa, maana yake ni kwamba robo tatu ya hisa za wanahisa wengine zimekataa. Angalia pia safu ya kujizuia, ya wasiosema ndiyo wala hapana: kura hizo hazihesabiwi kokote, na mameneja wa mifuko wasiotaka ugomvi hujificha humo. Tulitenganisha hesabu hiyo kwa ukurasa mmoja, tukaipeleka kwa mifuko yote tuliyoijua na kwa waandishi wa habari za biashara jioni ileile, kabla taarifa ya kampuni haijazoeleka.

Katika ripoti iliyofuata, faida kwa kila hisa ilikokotolewa baada ya kuondoa athari ya ununuzi wa hisa. Faini bado ziliwekwa kando.