Katalogi ilisema kitabu kipo, rafuni hakipo: jinsi nilivyokipata

Nilikuwa natafuta kitabu cha historia ya Tanzania kwa ajili ya tasnifu. Katalogi ya maktaba ya chuo (yetu inatumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba) ilionyesha nakala mbili, moja ikiwa ndani. Nikaenda kwenye 967.8, namba ya historia ya Tanzania katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa mada, nikapekua rafu nzima. Patupu.

Ufumbuzi ulikuwa kwenye rekodi yenyewe. Ukibonyeza jina la kitabu, chini hufunguka jedwali la nakala, na kila nakala ina mstari wake: mahali ilipo, namba ya rafu, hali yake. Wengi huishia kwenye neno "ipo", lakini safu ya kutazama ni ile ya mahali. Nakala iliyokuwa ndani ilikuwa ya mkusanyiko maalumu wa Afrika Mashariki. Humo huingii kujichagulia: unajaza fomu, mkutubi anakuletea, unasomea hapohapo.

Nakala ya pili ilikuwa imeazimwa. Nikaingia kwenye akaunti yangu nikaweka oda, maana aliyekiazima haruhusiwi kuongeza muda mtu mwingine akishakiomba. (Kanuni hii hutofautiana, uliza chuoni kwako.) Wakati nasubiri, nilisoma sura mbili nilizozihitaji kule kwenye mkusanyiko maalumu.

Kitabu kiliporudi, kilishikiliwa dawatini kwa jina langu. Kama rekodi inasema kipo rafu za wazi na hukioni, jaribu toroli la vitabu vilivyorudishwa kabla hujamsumbua mkutubi.