Nilivyompeleka baba bonde la Loire kuona makasri na mapango ya mvinyo

Baba yangu ana ekari moja na nusu ya zabibu Hombolo, Dodoma. Kwetu mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, Machi na tena Agosti kuelekea Septemba. Jioni moja alisikia redioni kwamba Wafaransa huvuna mara moja tu, akanipigia simu Dar usiku ule ule. "Mama," aliniambia, maana nimerithi jina la mama yake, "hawa wanaovuna mara moja wanakula nini?"

Mimi nilikuwa na hamu ya miaka mingi ya kuyaona makasri ya bonde la Loire, huko huko Ufaransa. Yeye alikuwa na swali lake. Nikaamua tuyapeleke yote mawili pamoja, Aprili, mavuno ya Machi yakishaisha na kule mizabibu ikiwa ndiyo inaanza kuchipua.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa na makasri tisa kwa siku sita. Nikiutazama leo naona ungemchosha baba bure, magoti yake hayako vizuri. Kilichonibadilisha ni jambo moja nililolisoma wakati nikipanga: makasri mengi ya Loire yamejengwa kwa jiwe jeupe laini liitwalo tuffeau, lililochimbwa humo humo bondeni, na mashimo yaliyobaki baada ya mawe kutolewa ndiyo leo wakulima wengi wanatunzia mvinyo wao. Kasri na pipa la mvinyo vimetoka kwenye mwamba mmoja. Baada ya hapo sikuona tena sababu ya kukimbizana na orodha. Nikafuta makasri sita, Chambord likiwemo. Najua wengi watanishangaa, maana hilo ndilo kubwa kuliko yote, lina vyumba zaidi ya 400. Lakini halina kituo cha treni, na mimi nilitaka siku zenye nafasi ya kukaa. Nikabaki na Chenonceau, Amboise na Chinon, yote yanafikika kwa treni kutoka mji wa Tours. Tukapanga chumba kimoja Tours kwa siku zote, hakuna kuhamahama na masanduku.

Kazi kubwa ilikuwa viza. Maombi ya viza ya Schengen, ndiyo inayokuingiza Ufaransa, yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Nashauri usisubiri huko mwisho. Upande wangu ulikuwa rahisi: barua ya mwajiri, taarifa ya benki, bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Upande wa baba ndiko tulikolala macho. Hana mshahara, malipo ya zabibu yanapitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na yanakuja kwa msimu. Nikamwandikia barua ya udhamini, tukaambatanisha stakabadhi za mauzo za misimu miwili, hati ya kimila ya shamba na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Kisha tukagundua jina lake kwenye hati ya shamba lina herufi moja tofauti na la kwenye pasi. Tukaenda kwa wakili kula kiapo. Mwenye mzee nyumbani, hakiki majina kwenye kila karatasi kabla hujalipia chochote.

Siku ya alama za vidole sitaisahau. Vidole vya baba vilikataa mashine. Miaka arobaini ya jembe na mkasi wa kupogolea imevisugua mpaka mistari imefifia. Dada aliyekuwa zamu alimpa kitambaa chenye maji, akamwambia kwa upole, "Taratibu mzee, bonyeza tena." Mara ya tano ndipo ikasoma. Baba alitoka pale kimya, akivitazama vidole vyake.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa kwenye kalenda. Wakulima wadogo wengi wa kule hawapokei mtu anayejitokeza tu mlangoni, unawaandikia mapema mkakubaliana siku na saa. Mimi niliomba Jumatatu ya Pasaka. Nikajibiwa kwamba ni sikukuu, wamefunga. Tukahamishia Jumatano. Jumapili nyingi nazo hufungwa, na Mei ina mapumziko yake ya tarehe 1 na 8 pamoja na sikukuu ya Kupaa Bwana, kwa hiyo anayepanga majira hayo aweke kwanza siku za mashamba, makasri yajaze nafasi zinazobaki. Makasri makubwa hayafungi ovyo.

Tulipanda SGR kutoka Dodoma hadi Dar, kisha ndege hadi Paris, kisha treni ya kasi kutoka Montparnasse, zaidi kidogo ya saa moja tukawa karibu na Tours. Baba alikuwa amevaa koti zito la mtumba tulilolinunua Sabasaba, na alilihitaji. Asubuhi ya Aprili kule inauma.

Chenonceau tulienda kwanza. Kasri limekaa juu ya mto Cher kama daraja. Mfalme Henri II alimpa kipenzi chake Diane de Poitiers mwaka 1547, mfalme alipofariki 1559 mjane wake Catherine de Médicis akalichukua, na yeye ndiye aliyesimamisha juu ya daraja ule ukumbi mrefu wa mita 60. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza ukumbi ule ulikuwa wodi ya majeruhi. Kwenye vita ya pili mto ulikuwa mpaka: upande huu Wajerumani, mlango wa upande wa pili unatokea eneo ambalo hawakuwa wamelikalia. Nilimsomea baba hayo tukiwa tumesimama kwenye mlango wenyewe. Akauvuka, akasimama nje kidogo, akarudi ndani. "Hatua tano tu," alisema.

Amboise tuliliona kaburi la Leonardo da Vinci kwenye kanisa dogo la kasri, tukapumzika sana kando ya mto. Chinon kuna lifti inayopandisha watu kutoka mjini hadi ngomeni, ikatuokoa. Hapo ndipo Jeanne d'Arc, msichana ambaye leo ni mtakatifu wa Wafaransa, alipomwendea Charles VII, mrithi wa ufalme, mwaka 1429, na baba, ambaye ni Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni, aliisali pale pale kwenye benchi.

Lakini safari yenyewe ilikuwa Vouvray, kilomita chache tu kutoka Tours, kwa basi la mji. Mkulima aliyetupokea alikuwa wa rika la baba. Mimi nilikuwa na programu ya kutafsiri kwenye simu, ila shambani hawakuihitaji sana. Zabibu yao nyeupe ni Chenin blanc, ile ile aliyonayo baba mistari minane Hombolo. Mwenyeji aliinama, akashika tawi, akaonyesha chipukizi la kijani lenye utepe wa waridi pembeni, dogo kama ukucha. La jirani yake lilikuwa kahawia, limekauka. Sakitu. Aprili ya 2021 baridi ya usiku iliharibu mashamba karibu nchi nzima. Akatuonyesha makopo makubwa ya nta yaliyopangwa kati ya mistari, ambayo huwashwa usiku ili kupasha hewa joto. Hofu haiwaishi mpaka katikati ya Mei, zipite siku za wale watakatifu wanaowaita Watakatifu wa Barafu. Baba alilisaga lile chipukizi kavu kwa vidole vyake, akanusa. "Kumbe na wao hawalali," aliniambia.

Ndani ya pango hewa ilikuwa ya baridi tulivu, na kutani alama za sururu za wachonga mawe bado zinaonekana. Tulionja aina nne, kavu hadi tamu, zote za zabibu moja. Kuna ndoo ya kutemea. Baba alikataa: "Jasho la mtu halitemwi." Akawa anakunywa kidogo sana, akifumba macho. Mwishoni mwenyeji alitupeleka nyuma kabisa, ambako chupa za miaka mingi zimelala na vumbi lake, nyingine za zamani kuliko mimi. Baba akasimama hapo kwa muda mrefu. Kwetu zabibu ikichumwa haisubiri, mnunuzi akichelewa siku tatu unaimwaga. "Wanavuna mara moja," alisema polepole, "halafu wanauza miaka kumi."

Aliomba pingili za kupanda, nikamkatalia, mimea haivushwi mipaka bila vibali. Badala yake alitoa kamba kwenye mfuko wa koti, akapima nafasi ya mstari hadi mstari na kimo cha waya wa kwanza, akafunga fundo kila kipimo. Mwenyeji alimshikia ncha ya pili.

Kamba hiyo sasa inaning'inia kwenye msumari wa stoo, Hombolo. Mei baba alipogoa mistari miwili kwa kipimo cha mafundo yale, akaiacha sita kama zamani, na juzi amenipigia kuuliza bei ya pipa dogo la chuma.