Karatasi ya Kukandwa

Sendai, Februari

Nimemaliza majalada ya madaftari niliyoanza mwezi uliopita, na leo ningependa kuandika kidogo kuhusu kazi ambayo wageni wangu wakiiona hudhani ninaharibu mali. Ninachukua karatasi safi, iliyotengenezwa kwa mkono na fundi aliyetia vidole vyake katika maji ya baridi kali, ninaifinya ndani ya viganja mpaka inakuwa donge, ninaikunjua, kisha ninaifinya tena kuanzia pembe nyingine. Mwanzoni inapiga kelele. Kadiri ninavyoikanda ndivyo sauti inavyofifia, hadi karatasi inakubali kulala mkononi kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Wajapani wanaiita momigami, na ndiyo ninayoivalisha madaftari yangu.

Haichaniki kwa sababu ya nyuzi zake. Karatasi hii hutokana na gome la ndani la kozo, mti wa jamii ya mforsadi, ambao nyuzi zake hufikia wastani wa karibu sentimita moja, ilhali za karatasi ya kawaida ya mbao ni milimita moja hadi tatu tu. Matawi hukatwa majira ya baridi majani yakishapukutika, hupikwa kwa mvuke, gome huchunwa na ngozi yake nyeusi kukwanguliwa, kisha sehemu nyeupe huchemshwa katika maji ya magadi au ya jivu, husuuzwa, hutolewa taka kwa mkono na kupondwa. Kuponda huko huachanisha nyuzi bila kuzikata, na hapo ndipo nguvu ya karatasi inapohifadhiwa.

Ndani ya pipa la maji huongezwa ute wa mizizi ya tororo-aoi, mmea wa jenasi moja na bamia, na yeyote aliyewahi kupika bamia atauelewa ute huo bila maelezo marefu. Si gundi. Kazi yake ni kuzifanya nyuzi zielee bila kushikamana na kuyachelewesha maji yasichuje haraka, ili fundi apate nafasi ya kuutikisa wavu wake wa mianzi huku na huko, na nyuzi zipishane tabaka juu ya tabaka. Joto huupunguzia ute unene wake, ndiyo maana karatasi bora ni ya miezi hii ambayo sisi tuliotoka nchi za joto tunailalamikia. (Mutuba, ambao Waganda hupondea gome lake kupata lubugo, kitambaa cha gome la mti, nao ni wa jamii hiyohiyo ya mforsadi, ingawa wao hawalifanyi gome kuwa rojo, bali hulitandaza likiwa zima. Kila ninapoishika kozo mbichi ninawakumbuka.)

Kabla ya kukanda, ninaipaka karatasi konnyaku pande zote mbili. Hiki ni kiazi ambacho Wajapani hukila kikiwa kimegandishwa kama jeli, lakini unga wake ukikorogwa taratibu katika maji huwa uji mzito usio na rangi, ambao ukikauka juu ya karatasi huzifunga nyuzi na kuzuia uso usitoe manyoya wakati wa kukandwa. Uji huu una historia ambayo siwezi kuiruka. Kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945 jeshi la Japani lilirusha zaidi ya maputo 9,000 yenye mabomu ili upepo mkali wa juu ya Pasifiki uyapeleke Amerika Kaskazini, na baadhi yaliondokea pwani ya Fukushima, kusini mwa hapa ninapoishi. Mengi yalikuwa ya karatasi ya kozo, yenye kipenyo cha mita zipatazo kumi, yaliyobandikwa kwa konnyaku, na miongoni mwa waliobandika walikuwa wasichana wengi wa shule. Mei 5, 1945, moja liliua mwanamke mjamzito na watoto watano huko Oregon. Karatasi iliyotumika ilikuwa bora, na kazi ya mikono ilikuwa ya makini, jambo ambalo linanisumbua zaidi kuliko kama ingekuwa kazi ya hovyo.

Matumizi ya zamani zaidi yalikuwa mavazi. Mji wa Shiroishi, katika mkoa huuhuu wa Miyagi, ulijulikana kwa kamiko, nguo za karatasi iliyokandwa, nyepesi na zenye kuzuia upepo. Mpaka sasa watawa wa hekalu la Todaiji, Nara, huvaa nguo za namna hiyo katika ibada ya Shuni-e, inayofanyika kila mwaka tangu 752, na huikanda karatasi wenyewe kabla ya ibada kuanza. Ninapenda kwamba hawaiachi kazi hiyo kwa mtu mwingine.

Kwenye daftari, mambo mawili yanahitaji uangalifu. Kwanza, karatasi ikikandwa hupungua ukubwa, hivyo jalada hukatwa baada ya kukanda na si kabla. Pili, unyevu wa gundi hulainisha mikunjo mpaka ipotee; kwa hiyo gundi ya wanga wa ngano ninaipaka kwenye karatasi nyembamba ya kuegemezea, kisha ninalaza ile iliyokandwa juu yake na kuigusagusa kwa brashi kavu, bila kuikandamiza.

Kurasa za ndani ninazikunja katikati, mkunjo ukae upande wa kufungulia na ncha zilizo wazi zikae mgongoni, kwa kuwa kozo nyembamba hupitisha wino na huandikwa upande mmoja tu. Ninatoboa matundu manne kwa maharazi ya mshona viatu, kisha ninapitisha uzi mmoja kutoka tundu hadi tundu, nikizungusha mgongo kila mara, mpaka unarudi ulipoanzia. Fundo hufichwa ndani ya moja ya matundu. Sehemu hii ni ya haraka na sina mengi ya kuisifia.

Linaloniudhi ni wanaopewa daftari na kuliweka kabatini kwa kuogopa kulichafua. Jalada lililokandwa limekwisha kufinywa kuliko litakavyofinywa na mkoba wowote, na mafuta ya vidole hulipa rangi ambayo mimi siwezi kuipaka. Dada yangu aliniuliza aandike nini humo. Nilimwambia aanze na hesabu za duka, kwa penseli, maana kalamu yenye wino mwingi itasambaa kwenye kozo isiyotiwa dawa ya kuzuia wino. Madaftari yatakayofuata nitayatia karatasi nzito zaidi ili na wenye kalamu za wino wasiwe na kisingizio.