Dawa Ina Saa Zake: Wiki za Mwanzo za Mtoto Aliyeanzishiwa Dawa ya ADHD

Mtoto akianzishiwa dawa ya ADHD, yaani hali ya mtoto kushindwa kutulia na kushika jambo moja, nyumba nzima humkodolea macho. Ametulia? Amekonda? Mbona leo analia bila sababu? Kukodoa macho hakutoshi. Tafuta daftari dogo na saa ya ukutani, kwa sababu karibu kila kinachowatisha wazazi katika wiki hizi kina saa yake. Daktari akiambiwa saa, anajua pa kurekebisha. Akiambiwa tu "dawa imemkataa", hana pa kuanzia.

Tunazungumzia methilifenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin, ile ya kawaida isiyo ya muda mrefu. Haipewi mtoto aliye chini ya miaka 6, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka ianzishwe chini ya usimamizi wa mtaalamu, baada ya wazazi na shule kujaribu njia za malezi na mafunzo zisitoshe. Kabla ya kidonge cha kwanza mtoto apimwe uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Daktari asipouliza, wewe sema: kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana, kama mtoto huzimia au hushikwa na maumivu ya kifua akikimbia, kama ana kifafa, kama aliwahi kulazwa kwa malaria iliyopanda kichwani. Hakikisha pia anasikia vizuri. Mtoto asiyesikia vizuri, aliyekaa dawati la nyuma kwenye darasa la watoto themanini, anaweza kuonekana mtukutu wakati tatizo lake ni masikio.

Sasa saa. Kidonge kikimezwa saa 1 asubuhi, kinaanza kuonekana ndani ya nusu saa hadi saa nzima, kinashika kwa saa tatu hadi tano, kisha kinakatika. Kwa hiyo cha saa 1 kinakwisha yapata saa 5. Cha pili kikimezwa saa 5, kinakwisha yapata saa 9 alasiri. Kufikia kesho yake asubuhi karibu yote imeshatoka mwilini. Dawa hii haijilimbikizi mwilini, na ndiyo maana mtoto mmoja anaonekana watoto wawili kwa siku moja. Pale Ujiji, mwalimu wa shule atakuambia kijana amebadilika, halafu ustadhi wa chuo cha jioni aseme hajaona lolote. Wote wawili wanasema kweli. Mmoja anamwona dawa ikiwa ndani, mwingine anamwona imeshakatika.

Kipimo huanza chini. Mara nyingi ni miligramu 5, yaani nusu ya kidonge cha 10, mara moja au mbili kwa siku, kisha daktari hupandisha kwa miligramu 5 hadi 10 kila wiki mpaka faida ionekane bila madhara ya kusumbua. Kwa siku haizidi miligramu 60, na watoto wengi hawafiki huko. Kidonge chenye mstari katikati huvunjwa kwa vidole kwenye huo mstari. Wembe hukipasua vipande visivyolingana na unga hubaki mezani. Ukipewa ile ya muda mrefu, usiivunje wala usiisage, maana dozi ya siku nzima itaingia kwa mkupuo.

Fanya hesabu ya vidonge mapema. Miligramu 5 mara mbili ni kidonge kimoja cha 10 kwa siku, 30 kwa mwezi. Ikipanda kuwa 10 mara mbili, ni 60. Hii ni dawa inayodhibitiwa, haiuzwi bila cheti cha daktari, na si kila famasi ya Tabora au Kigoma huwa nayo. Zikibaki za siku kumi, anza kutafuta, usisubiri ziishe. Kama inaletwa kutoka Dar es Salaam au Mwanza, isafiri na mtu mliyemwamini, ikiwa na cheti chake na kopo lake lenye lebo, si kwenye bahasha ya kukabidhi konda.

Daftari lenyewe lisikuchoshe. Kila siku mistari minne: saa aliyomeza, alichokula, saa aliyolala, na jambo moja lililotokea likiwa na saa yake. Mfano: "Jumanne. 1:10 na 5:05. Uji wote, mchana vijiko viwili, usiku sahani nzima. Kalala 4:20. Saa 9:30 kalia sana, kampiga mdogo wake, saa 10:30 kacheza." Mstari huo wa mwisho unamweleza daktari mengi. Kilio cha saa 9:30 ni cha dawa inayokatika, si kwamba dozi ni kubwa. Mara nyingi hupungua mtoto akipewa kitu cha kutafuna saa 9 kasoro, akaachwa acheze nje, asiulizwe habari za daftari la hesabu. Lakini ukiona kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi amezubaa, hacheki, anatazama ukuta kama aliyemwagiwa maji, hapo dozi inaweza kuwa imezidi. Mpigie daktari. Usikubali maneno ya "afadhali ametulia". Dawa inayofaa inamwacha mtoto awe yule yule, ila anamaliza sentensi aliyoianza.

Kazi ya nyumbani basi ifanyike mara tu akitoka shule, dawa bado ikiwa imeshika. Kumkalisha mezani saa 2 usiku ni kumwonea.

Chakula ndicho kitakachowaumiza akina mama na bibi zaidi ya yote, na ni haki yao. Hamu ya kula hupotea mchana. Usimlazimishe, maana hamna mshindi. Shika kingo za siku, asubuhi na usiku. Uji kabla ya kidonge, si baada, wenye vijiko viwili vya karanga za kusaga, na yai likipatikana. Mchana kidogo kinatosha. Saa 9 mpe matobolwa na karanga kama uko Tabora, au ndizi na parachichi kama uko Kigoma. Usiku, dawa ikishatoka, njaa hurudi kwa nguvu, basi ugali na migebuka uwe wa kushiba. Kijiko kimoja cha chakula cha mawese kwenye mboga huongeza takribani kilokalori 120 bila kuongeza ujazo wa sahani, jambo la maana kwa mtoto anayeshiba upesi. Mpime uzito kila mwezi kwa mizani ile ile, urefu kila miezi sita. Akipungua kilo, au nguo za mwaka jana zinamtosha vile vile, daktari ajue. Chai kali, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viachwe kabisa.

Usingizi nao. Dozi ya mwisho ikipita saa 9 alasiri, usiku utakuwa mrefu. Kigoma kuna shida yake ya ziada: tuko magharibi kabisa ya nchi, jua linazama karibu saa 1 usiku na miezi mingine imeshapita, kwa hiyo watoto huwa bado uwanjani wakati wenzao wa Dar wameshaoga. Weka saa ya kuingia ndani kwa saa ya ukutani, si kwa giza.

Ukisahau dozi ya asubuhi na sasa ni mchana, mpe ile ya mchana tu. Usifidie kwa kuongeza. Ramadhani ikikaribia, zungumza na daktari mapema, kwa sababu kidonge cha daku kinakatika kabla ya vipindi vya asubuhi kwisha. Na kama mtoto amepewa klonidini, dawa nyingine ya ADHD, badala ya hii, sahau nilichosema kuhusu kutoka mwilini: hiyo haikatishwi ghafla, shinikizo la damu linaweza kuruka. Atomoksetini, nayo ni dawa nyingine ya ADHD, huchukua wiki kadhaa kuonekana, hivyo msiikatie tamaa siku ya tano.

Shuleni, dozi ya saa 5 ikae kwa mwalimu mmoja, kwenye kichupa chenye jina, ya wiki moja tu. Kamwe isikae kwenye begi la mtoto. Mwalimu huyo muulize matatu kila Ijumaa: alimaliza kunakili ubaoni? Aliinuka mara ngapi? Ugomvi ulikuwa kabla au baada ya mapumziko? Ukimpa fomu ndefu hataijaza, na si kosa lake.

Ndugu watasema. Shangazi atauliza kwa nini mtoto anapewa "dawa za vichaa". Mjibu kwa heshima na kwa kifupi: ni dawa ya kumsaidia kushika jambo, tunaifuatilia na daktari. Lililo baya zaidi ni baba kuificha na mama kuitoa. Amueni mtoaji ni nani, na nyumbani ifungiwe kabatini kwa kufuli, mbali na dirisha lenye jua. Hesabu vidonge kila Jumapili.

Maumivu ya kifua, kuzimia, degedege, kuona au kusikia visivyokuwepo, kusema anataka kujidhuru: acha dozi inayofuata, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, Maweni kwa walio Kigoma mjini, Kitete kwa Tabora, ukiwa na kopo la dawa mkononi.

Angalau mara moja kwa mwaka daktari atazungumzia kujaribu kuisimamisha kwa muda, kuona kama bado inahitajika. Chagueni wiki mbili za masomo ya kawaida, si likizo, kwa sababu likizoni hakuna wa kuona tofauti, wala si wiki ya mitihani. Daftari liendelee kuandikwa, kwa saa zile zile.